Koti la Babu na Mdudu Asiyekula Kapeti

Juni mwaka jana, baridi ya Uyole ilipoanza kuuma, nilishusha sanduku la bati kutoka juu ya kabati nitoe koti la marehemu babu. Ni koti la sufu, la kijivu, zito, alilorudi nalo kutoka migodini enzi zile wanaume wa Rungwe walipokuwa wakienda Afrika Kusini kuchimba dhahabu. Halivaliwi hovyo. Hutoka kwa harusi, kwa msiba, na kwa Krismasi yenye mvua, kisha hurudi sandukuni. Nililikung'uta, nikalinyanyua dirishani nilitazame vizuri, na mwanga wa nje ukapenya mgongoni mwake sehemu kumi na moja. Nilizihesabu.

Kesi ikafunguliwa pale pale sebuleni. Mama alimtaja nondo hata kabla hajavaa miwani. Jirani aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli akasema panya. Mdogo wangu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akijikuna shingo na mikono, akasema nyumba hii ina kunguni na koti ni ushahidi tu.

Aibu yangu ni kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimechora ubaoni hatua nne za ukuaji wa mdudu, yai, buu, pupa, mdudu kamili, miaka nenda rudi, na mdudu mwenyewe alikuwa amejaa kwenye kola ya koti la babu. Alikuwa ameacha maganda: vijifuko vitupu vya rangi ya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele, vyenye manyoya. Nilivipangusa kwa kiganja nikidhani ni uchafu wa sandukuni. Ilinichukua wiki mbili kurudi kwenye vile vijifuko na kuvitazama kama mwalimu.

Waliomwandika zaidi ni Wazungu, na wao humwita mdudu wa kapeti. Nitalitumia jina hilo kwa kukosa jingine, ingawa, kama tutakavyoona, kwa nyumba zetu linapotosha. Ni mbawakavu, yaani mdudu ambaye mabawa yake ya juu ni magumu na hufunika yale laini ya kurukia. Ukoo wake kisayansi ni Dermestidae, ukoo mkubwa wenye spishi zaidi ya 1,000, na wanaoharibu nguo zaidi ni wa makundi mawili, Anthrenus na Attagenus. Huhitaji kukariri majina hayo. Unachohitaji ni kumjua kwa macho, na hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu mdudu huyu ana sura mbili zisizofanana kabisa, tena kila moja hukaa mahali pake.

Sura ya kwanza ni ile ya dirishani. Anthrenus aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 4, mviringo, mgongo umeinuka kama kobe. Ukimwona haraka utamfananisha na yule mdudu mwekundu wa madoa meusi anayekula vidukari kwenye kabichi, ila huyu ni mdogo zaidi na rangi zake ni mchanganyiko wa kahawia, nyeupe na njano iliyofifia, zimetapakaa kama kitenge kilichochuja. Rangi hizo ni magamba madogo sana. Mdudu akizeeka magamba hupukutika, akabaki mweusi mtupu, na ndiyo maana wawili wa aina moja wanaweza kuonekana kama aina mbili. Attagenus ni mrefu kidogo, milimita 3 hadi 5, umbo la yai, na mara nyingi ni mweusi au kahawia iliyokolea. Ukimgusa yeyote kati yao hukunja miguu na kujifanya amekufa. Ngoja dakika moja, ataondoka zake.

Huyu wa dirishani hali nguo. Anakula chavua na maji matamu ya maua. Hupenda hasa maua meupe yaliyokaa kama mwavuli, yale ya karoti zilizoachwa shambani zikapitiliza, ya giligilani, na ya jamii ya alizeti. Akitoka kwenye pupa ndani ya nyumba hufuata mwanga akitafuta njia ya kwenda nje, akakwama kwenye kioo. Unamkuta kwenye kizingiti cha dirisha, amelala chali. Unafagia, mambo yanaisha. Au ndivyo unavyodhani.

Sura ya pili ndiyo yenye meno. Buu wa Anthrenus ni mnene, mfupi, milimita 4 au 5, ana mistari ya kahawia iliyokolea na kahawia iliyopauka, na mwili mzima umefunikwa manyoya. Buu wa Attagenus ni mrefu zaidi, huweza kuzidi sentimita moja, umbo lake ni kama karoti, rangi yake dhahabu ya kuungua, na nyuma ana mkia wa manyoya marefu kama brashi ya kupakia rangi. Hawa hawapendi mwanga hata kidogo. Makao yao ni mikunjo ya nguo, chini ya kola, ndani ya pindo, nyuma ya kabati lisilosogezwa, na kwenye nyufa za mbao.

Nilimpata mmoja mzima kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nikamweka juu ya karatasi nyeupe chini ya taa, nikamsogezea kamera ya simu hadi akajaa kioo kizima. Alitulia kwanza. Nilipomgusa mgongoni kwa ncha ya njiti ya kiberiti, mafungu ya manyoya yaliyolala karibu na mkia yaliinuka ghafla na kutanuka kama feni, akawa anayageuzia upande niliomgusia. Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kuhakikisha kama ni kunguni, alirudi nyuma hatua mbili. Nitayarudia manyoya hayo, kwa sababu ndiyo yaliyomaliza kesi yake.

Kwa hiyo unayemwona hali nguo, na anayekula nguo humwoni. Sijui wadudu wengi wa nyumbani wanaotupotosha kwa namna hii. Mende ni mende kuanzia mdogo hadi mkubwa. Kunguni mchanga ni kunguni aliyepunguzwa. Huyu unamwua dirishani mwaka mzima bila kujua kwamba kifo chake hakina faida kubwa, kwa sababu aliyekufa kioo kikimzuia huenda tayari ameshataga makumi ya mayai gizani, na mabuu wanaotoka humo hawana haraka. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili tatu. Mdudu kamili huishi wiki chache tu. Lakini buu huchukua miezi kadhaa, mwaka, na wengine hata miaka miwili au mitatu, kutegemea joto na chakula. Kwenye miaka ya 1950 spishi moja, Anthrenus verbasci, ilifugwa maabara gizani kwa joto lisilobadilika, na bado mabuu waligeuka pupa kwa vipindi kana kwamba wamebeba kalenda ndani ya mwili. Walikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na saa ya namna hiyo.

Nikapiga hesabu. Koti lilivaliwa mara ya mwisho kwenye msiba, miezi kumi na minne kabla. Halikuliwa kwa usiku mmoja. Lilikuwa linaliwa taratibu muda wote huo, tukiwa tumelifungia kwa heshima.

Sasa kuhusu hilo jina. Ulaya ya zamani mazulia yalifumwa kwa sufu ya kondoo, yakatandazwa nyumba nzima, na mabuu hawa wakaishi pembeni mwa ukuta ambako fagio halifiki. Jina likazaliwa hapo. Lakini nenda madukani Mwanjelwa ukaulize kapeti: mengi yametengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Buu wa mdudu wa kapeti hawezi kuishi kwa kapeti lako la sebuleni, kama asivyoweza kuishi kwa ndoo. Anaweza kukaa chini yake, kwa sababu kuna nywele zetu, makombo na wadudu waliokufa, lakini kapeti lenyewe kwake ni paa la nyumba. Nimesikia mtu aliyelitoa kapeti lake jipya nje na kulichoma baada ya kuona mabuu chini yake. Alichoma mali isiyo na kosa.

Chakula chake hasa ni protini inayoitwa keratini. Hiyo ndiyo inayojenga nywele, kucha, pembe, kwato, manyoya ya ndege na sufu ya kondoo. Keratini ni ngumu kumeng'enywa kwa sababu minyororo yake imefungwa pamoja kwa viungo vya salfa, na viumbe wengi, sisi tukiwamo, huipitisha tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Wadudu wachache sana wameweza kuifungua. Mabuu wa ukoo huu ni miongoni mwao, na mabuu wa nondo wa nguo ni wengine. Hapo Mama alikuwa karibu na ukweli: nondo na huyu wanagombea sahani moja. Tofauti utaiona kwenye mabaki. Buu wa nondo wa nguo hufuma utando wa hariri, au hutembea ndani ya kijifuko alichojifumia, na huacha vinyesi vidogo vya duara, mara nyingi vyenye rangi ya nguo aliyokula. Mdudu wa kapeti hafumi chochote. Anaacha maganda yale ya manyoya, mengi, kwa sababu kila anapokua hujivua ngozi, na hujivua mara nyingi. Ukiona tundu, utando na vinyesi, mlaumu nondo. Ukiona tundu safi, na karibu yake vijifuko vitupu vya kahawia, mwache nondo apumzike.

Ukishaelewa keratini, orodha ya vilivyo hatarini ndani ya nyumba inabadilika. Kanga, kitenge na shuka la pamba havimo. Kikapu cha Iringa cha milulu hakimo, ni nyasi. Nywele za bandia za kusukia ni plastiki, hazimo. Vilivyomo ni blanketi la sufu, koti, suti ya kanisani, kofia ya manyoya ya mitumba, mto wa manyoya ya kuku, brashi ya viatu yenye nywele za mnyama, ngoma iliyowambwa ngozi, na usinga wa mzee unaoning'inia ukutani tangu alipoacha kwenda kwenye vikao. Piano za zamani nazo zimo, kwa sababu nyundo zake zimefunikwa felti, na felti ni sufu iliyoshindiliwa. Hariri huliwa pia, ingawa si keratini. Pamba na nyuzi za plastiki zinaweza kutobolewa zikiwa na jasho, mchuzi au mafuta, au zikiwa zimechanganywa na sufu, kwa sababu buu anafuata uchafu au ile sufu na hachagui anapouma.

Kwa wanaonunua mitumba hapa Nyanda za Juu Kusini hili lina maana kubwa, maana sweta nyingi zinazopita mikononi mwetu kumbe si sufu. Ni akriliki. Namna ya kujua ni kuchomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, kuushika kwa kibanio na kuusogezea moto wa kiberiti, ukiwa juu ya sahani. Sufu hujikunja, huungua kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na ukiiondoa motoni hujizima. Majivu yake ni meusi na husagika vidoleni. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na hunuka karatasi. Nilifanya hivyo kwa sweta saba zilizokuwa nyumbani. Sufu ilikuwa moja, na ndiyo iliyokuwa imetobolewa. Sita zilizobaki zilikuwa sandukuni humo humo, zimelaliana na ile moja, nzima kabisa.

Rangi, usafi wa nyumba na hali ya mfuko havina uzito hapa. Najua watu huona haya kusema nguo zao zimeliwa, kana kwamba wanakiri hawafagii. Lakini nguo inayovaliwa kila wiki, ikafuliwa na kuanikwa, buu hapati nafasi nayo. Inayoliwa ni ile iliyowekwa kando.

Walitoka wapi, basi? Njia ziko nyingi. Mdudu kamili huruka, huingia dirishani kutoka kwenye maua. Mayai na mabuu huja ndani ya mitumba. Lakini chanzo kinachosahaulika zaidi kiko juu ya vichwa vyetu. Huko porini mabuu hawa ni wafagizi. Huishi kwenye viota vya ndege, kwenye masega ya nyigu yaliyoachwa, kwenye utando wa buibui wenye mizoga ya nzi, na kwenye mzoga wowote uliokauka. Bila wao na wenzao dunia ingekuwa imejaa nywele na manyoya yasiyooza. Sasa fikiria dari ya nyumba ya kawaida ya Mbeya: mbayuwayu wamejenga chini ya kenchi, popo wamejibanza, kumbikumbi wa mvua za kwanza wameingia kwa mwanga na kufa kwa mamia. Hiyo ni ghala ya chakula, na buu akishiba au akikosa hushuka kupitia upenyo wa mbao.

Kabati lenye lile sanduku liko kwenye chumba cha mdogo wangu, chini kabisa ya mlango wa dari. Nilipanda na tochi. Mita moja kutoka kwenye mlango ule alikuwepo panya, au kilichokuwa panya: mifupa iliyopangika vizuri, mkia, na mkeka wa nywele zilizokauka. Tulimwua wenyewe kwa sumu mwezi wa tatu mwaka uliotangulia, akaenda kufia juu, akanuka wiki moja, tukashukuru harufu ilipokwisha. Nilipozisogeza zile nywele kwa kijiti, zilijaa mabuu. Yule jirani wa pampu alikuwa amepatia nusu. Panya hakula koti, ila bila mzoga wake huenda koti lisingeliwa.

Niseme kidogo kuhusu ndugu zao wengine, maana mwenyeji wa Mbeya anawajua bila kujua kuwa anawajua. Kundi linaloitwa Dermestes hupenda ngozi mbichi zilizokaushwa na samaki wakavu. Ukinunua usipa wa Ziwa Nyasa waliokaa sana gunia, ukakuta ndani viwavi weusi wenye manyoya magumu na samaki wamebaki unga na mifupa, hao ni wa ukoo huu. Makumbusho yana uhusiano wa ajabu nao. Linnaeus, Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi tunayotumia hadi leo, mwaka 1761 alimwita mmoja wao kwa jina lenye maana ya "wa makumbusho", kwa sababu ndiko walikomaliza ndege na wadudu waliohifadhiwa. Lakini makumbusho hayo hayo hufuga Dermestes kwa makusudi, wawatafunie nyama iliyokauka kwenye mifupa ya wanyama, kwa sababu hakuna kisu kinachosafisha fuvu la popo kwa ustadi ule bila kulivunja.

Turudi kwa mdogo wangu na kunguni wake. Mdudu wa kapeti hang'ati watu. Hanyonyi damu, hana shughuli na ngozi iliyo hai. Tatizo ni yale manyoya. Yale mafungu ya nyuma yana nywele ndogo mno zenye ncha kama mkuki, zinazochomoka kirahisi, na ganda lililovuliwa hubaki nazo. Zikiingia kwenye shuka na mto, baadhi ya watu huota vipele vinavyowasha, macho huwasha, wengine hupiga chafya au kifua hubana. Vipele hivyo hufanana sana na vya kunguni, na matokeo yake ni watu kupuliza dawa kitandani mara tatu, mara nne, bila nafuu, kwa sababu manyoya hayafi.

Kabla hujapuliza chochote, tafuta ushahidi wa kunguni mwenyewe. Kunguni huacha madoa meusi kama ya kalamu ya wino kwenye mishono ya godoro na viungo vya kitanda, shuka huwa na vidoa vya damu, na wenyewe ni bapa, kahawia, hawana manyoya. Tulifungua kitanda cha mdogo wangu chote, mbao kwa mbao. Hakukuwa na doa hata moja. Kwenye pindo la pazia na nyuma ya mbao ya kichwani, tulikusanya maganda yaliyojaza kizibo cha soda.

Kuhusu kuwaondoa, nina maoni makali kidogo. Watu huanza na dawa, na dawa inapaswa kuwa ya mwisho. Ukipuliza ukamwacha panya darini, umefukuza wageni huku jiko linawaka. Tulianza na dari: mzoga, viota vilivyohamwa, mizoga ya kumbikumbi, vyote kwenye mfuko, mfuko ukafungwa, ukachomwa. Pua na mdomo nilivifunga kitambaa kwa ajili ya yale manyoya. Kisha makabati yakasogezwa, nyufa zikasuguliwa kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, pembe za chumba zikafagiliwa kila siku mbili. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi amebarikiwa. Asiye nayo ana fagio laini na kitambaa chenye unyevu, ili manyoya yasirushwe hewani.

Nguo zinataka akili. Sufu ukiichemsha inasinyaa, koti la mtu mzima likamtosha mtoto. Jua husaidia, hasa lile la Oktoba kabla ya mvua: tandaza nguo, geuza mifuko nje, piga brashi kwa nguvu kwenye mishono na chini ya kola, kwa sababu mayai huanguka na mabuu hukimbia mwanga. Lakini jua peke yake halikuhakikishii vifo. Pasi ya moto juu ya kitambaa kilicholowa huua waliomo kwenye mishono. Njia ya uhakika zaidi ni baridi kali: nguo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa usiingize hewa, ndani ya friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Usidanganyike na baridi yetu. Hata sakitu ya Makete inayounguza viazi haifikii huko, tena hukaa saa chache tu za alfajiri.

Naftalini inataka tahadhari. Vile vidonge vyeupe hufanya kazi kwa mvuke, na mvuke ukitawanyika chumbani unamdhuru anayelala humo kuliko buu. Vinafaa tu ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, na nguo ipigwe hewa siku kadhaa kabla ya kuvaliwa. Usiweke kamwe na nguo au blanketi za mtoto mchanga. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali ambayo imeenea zaidi kwenye maeneo ya malaria, na kwao naftalini huvunjavunja chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga wamepata upungufu mkubwa wa damu na manjano ya hatari kwa kuvikwa nguo zilizohifadhiwa nayo. Zaidi ya hapo, vinafanana na peremende.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, na sisi wa mikoa ya mahindi tunaishi nayo jirani. Vidonge vya kufukizia mahindi ghalani hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua wadudu, na inaua familia iliyolala chumba cha pili. Usiviingize kwenye kabati, sandukuni wala darini, hata kimoja, hata kwa usiku mmoja. Dawa za kupulizia nyanya nazo zibaki shambani.

Shangazi yangu wa Njombe huweka majani ya mkaratusi sandukuni. Yananukia vizuri na sina ugomvi nayo, lakini harufu haiui buu aliyekwisha kuingia. Ukitaka mmea wa kwetu wenye nguvu, ni pareto. Maua yale meupe yanayolimwa Umalila, Uporoto, Makete na Mufindi, na kusindikwa Mafinga, yana piretrini, sumu inayovuruga mishipa ya fahamu ya mdudu akaanguka hapo hapo. Udhaifu wake ni kwamba mwanga wa jua huivunja upesi, ndiyo maana viwanda vilitengeneza za bandia kama pamethrini, zinazodumu zaidi. Tulipuliza kidogo, kwenye nyufa na kingo za dari tu, baada ya usafi, watu wakiwa nje. Hapana juu ya godoro, hapana juu ya nguo. Nacheka kila nikifikiria kwamba pareto ni ua jeupe la jamii ya alizeti, la aina ile ile ambayo mdudu kamili huenda kunywea.

Koti lilihitaji friza, na sina friza. Mtaa wetu kuna mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju na samaki wa Kyela. Nilimpelekea koti limekunjwa ndani ya mifuko miwili, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akalipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtoto, akalilaza chini ya barafu. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Siku ya tisa nilikuwa napita kwenda kazini, akaniita kutoka mlangoni, sauti ya kusikika na mtaa mzima:

"Mwalimu, shikamoo yako nimeipokea, lakini niambie: hilo koti la babu yenu linaiva lini? Samaki wanakuja Alhamisi."

Nilimwomba siku tano zaidi. Akanipa, kwa sharti kwamba nimletee na yeye kiberiti na ile sahani, ajue lile blanketi alilouziwa kwa jina la sufu ni kitu gani.